Kikaango cha Diski ya Haro na Vyombo Vingine vya Kupikia Nje: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Kuchagua chuma

1. Vyuma gani vya shamba vinafaa kugeuzwa vyombo vya kupikia?

Cha kwanza ni diski ya haro, ile sahani ya chuma iliyobonyea inayokokotwa na trekta kuvunja mabonge ya udongo. Umbo lake ni la karai tayari, na unene wake unashinda karai lolote la dukani. Huna haja ya kuikunja wala kuigonga. Diski ya plau inafaa pia, ila ni nzito na ina matundu mengi zaidi.

Baada ya diski vinakuja vipande vidogo. Jembe la mkono lililokwisha linatoa mwiko mzuri wa chuma (swali la 24). Ringi ya gurudumu la mbele la trekta inatoa kitako cha jiko (swali la 16). Slasha kubwa inayofungwa nyuma ya trekta kukatia nyasi ina bamba pana linalofunika visu, na bamba hilo linatoa tawa la chapati (swali la 21). Vya kukataa vimeelezwa katika swali la 5, na hilo lisome kabla hujatoa hela.

2. Diski hizi zinapatikana wapi Uganda?

Fuata trekta. Kwenye mashamba makubwa ya miwa, Kakira karibu na Jinja, Lugazi, na Kinyara upande wa Masindi, haro zinafanya kazi nyingi na diski zake zinalika haraka, kwa hiyo karakana na wauza vyuma chakavu wa maeneo hayo huwa nazo. Kampala, ulizia Katwe na Kisenyi. Kaskazini, jaribu karakana za matrekta za Gulu na Lira.

Chuma chakavu kinauzwa kwa kilo. Diski ambayo bado inaweza kulima inauzwa kama spea, na bei yake ni nyingine kabisa. Omba iliyolika: iliyoanza na inchi 24 ikabaki 21 haimfai tena mkulima, lakini kwa mpishi ni nzima. Omba na risiti yenye jina la muuzaji, maana vyuma vya wizi vipo, na atakayekutwa navyo ndiye atakayeulizwa.

3. Nichukue ukubwa gani?

Hesabu watu, kisha hesabu mkaa. Diski ya inchi 18 (sentimita 46) yenye unene wa milimita 4 ina uzito wa kilo 5 na kidogo, na inatosha familia ya watu wanne au watano. Ya inchi 22 (sentimita 56) yenye milimita 5 inakaribia kilo 10. Ya inchi 24 ni kilo 11 hadi 12. Diski ya plau ya inchi 26 yenye milimita 6 inafika kilo 16, na hiyo si ya mtu mmoja kuinua ikiwa na mafuta ya moto.

Kwa matumizi ya kawaida, inchi 22 ndiyo bora. Ikiwa imebonyea sentimita 7, lita 3 za mafuta zinakupa kina cha sentimita 4 katikati na uwanja wa kukaangia wenye upana wa zaidi ya sentimita 40. Ukijaza hadi ukingoni inachukua karibu lita 9, lakini kujaza mafuta kiasi hicho juu ya moto wa kuni ni kutafuta ajali. Theluthi moja ya ujazo ndiyo mwisho.

4. Nitatofautishaje diski ya haro na ya plau?

Tazama katikati. Diski ya haro kwa kawaida ina tundu moja la mraba, kwa sababu zote zinapangwa kwenye ekseli moja ya mraba. Diski ya plau ina tundu la mviringo lililozungukwa na matundu madogo ya bolti, na kila tundu ni kiraka kimoja zaidi cha kuchomelea.

Kuna pia diski zenye meno ukingoni, ambazo mara nyingi hufungwa safu ya mbele ya haro. Hizo usizifanye kikaango. Mafuta yanamwagika kwenye mapengo na meno yanakata mikono. Zitumie kama bakuli la kuwekea makaa (swali la 9).

## Usalama kabla ya kazi

5. Vipande gani nikatae hata nikipewa bure?

Chochote kilichowahi kubeba dawa ya shamba: tangi la bomba la kupulizia, pipa la dawa ya magugu, boksi la mbolea la mashine ya kupandia. Hakuna kuosha kunakokisafisha kiasi cha kupikia. Chuma kina mikunjo ya maungio ambamo dawa hujificha, na wewe huna kipimo cha kukuambia kwamba imeisha.

Chochote chenye ngozi ya zinki: mabati, bomba za maji, birika za mifugo, bolti zinazong'aa rangi ya fedha au manjano. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419, na moto wa makaa unazifikia bila shida. Moshi wake mweupe unaleta homa, kifua kubana na kichefuchefu kwa anayechomelea, na vyakula vichachu kama nyanya na limau vinaiyeyusha ikaingia chakulani. Chuma cha pembe kilichotoka kwenye nguzo za umeme kina zinki hiyo hiyo, na juu ya hapo ni cha wizi.

Ekseli na fito za haidroliki zilizopakwa kromu, kataa. Silinda za haidroliki na shokabsoba ambazo bado zimefungwa, usizikate wala kuzipasha moto: mafuta na gesi iliyobaki ndani vinalipuka. Vivyo hivyo pipa lililokuwa na petroli.

La mwisho linawagusa wengi. Vipande vya aluminiamu na radieta usivipeleke kusubiwa sufuria. Radieta za zamani zimeunganishwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, na aluminiamu ya skrepu huchanganyika na vitu vingi ambavyo fundi havioni. Risasi ikishaingia kwenye sufuria ya kusubu hutoka kidogo kidogo kila unapopika, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Diski ya chuma haina tatizo hili.

6. Diski yenyewe ina sumu?

Haina. Ni chuma kigumu chenye kaboni na manganisi, nyingine na boroni kidogo sana, na haina ngozi yoyote ya kiwandani zaidi ya rangi. Kiasi kidogo cha madini ya chuma kinaingia chakulani, na kwa watu wengi hilo halina madhara. Cha kuogopa ni kile kilichoshikamana nayo: rangi, grisi, udongo wenye dawa. Diski iliyolima kwa miaka imesuguliwa na udongo mpaka ikang'aa upande wa ndani, na rangi mara nyingi imebaki karibu na katikati tu.

7. Nitaondoaje rangi ya zamani?

Chukulia kwamba rangi yoyote ya zamani ina risasi mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa hiyo usiichome motoni, na usiipige grainda (mashine ya kusaga chuma) ikiwa kavu. Njia zote mbili zinageuza risasi kuwa moshi au vumbi la kuvuta.

Njia salama ni kostik soda, ile ile wanayotumia watengeneza sabuni. Weka lita 10 za maji kwenye beseni la plastiki, kisha mimina gramu 500 za soda polepole huku ukikoroga kwa mti. Soda ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya soda yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Usitumie beseni la aluminiamu, maana soda inalila na kutoa gesi inayowaka. Vaa glavu ndefu za mpira na miwani ya kazi. Ikikurukia, suuza kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, na kama ni jicho nenda hospitali bila kungoja.

Laza diski humo usiku kucha. Asubuhi rangi itakuwa imelainika. Ikwangue ikiwa bado imelowa, kwa kipande cha chuma, kisha suuza mara tatu. Takataka ya rangi ifunge kwenye chupa ya plastiki. Usiimwage kwenye mtaro, bustani wala karibu na kisima. Kuku hudonoa maganda ya rangi, kwa hiyo fanya kazi hii mbali na banda.

8. Nitajuaje kama diski ina ufa?

Ining'inize kwa kamba kupitia tundu la katikati, uigonge ukingoni kwa nyundo ndogo. Diski nzima inalia kama kengele na mlio unakaa. Yenye ufa inatoa mlio mfupi, mkavu. Kisha kagua kona nne za tundu la mraba, kwa kuwa nyufa nyingi huanzia hapo, na ukingo mahali palipogonga mawe.

Ufa mdogo wa ukingoni usiozidi sentimita 1 unaweza kuusaga wote ukaisha. Ufa uliotoka kwenye tundu na kuelekea nje uache. Ukiuchomelea utaendelea mbele ya weldingi.

## Tundu la katikati

Mviringo umeshatengenezwa kiwandani, kwa hiyo ugumu wote wa kazi hii uko kwenye tundu. Vikaango vingi vinavyovuja au kupasuka vimeharibikia hapa.

9. Ni lazima kuliziba?

Inategemea unapika nini. Kwa bakuli la makaa la kuchomea muchomo (nyama choma), liache wazi: hewa inaingia kwa chini na majivu yanatoka. Weka tu wavu mdogo wa chuma usio na zinki juu yake ili makaa yasianguke. Ukitaka kuchoma chapati juu ya mgongo wa diski iliyogeuzwa (swali la 21), kiraka kinatakiwa kuwa laini lakini hakihitaji kuzuia mafuta. Kwa kukaanga, lazima lizibwe lisivuje hata tone, kwa sababu chini yake pana moto.

10. Linazibwaje kwa kuchomelea?

Anza kwa kulifanya tundu liwe mviringo. Tundu la mraba la milimita 30 lina mshazari wa milimita 42, hivyo lipanue kwa grainda mpaka upate duara la milimita 45 na kona zote nne zipotee. Hatua hii mafundi wengi huiruka. Kona ikibaki ndiyo mahali ufa utakapoanzia.

Kata kiraka cha duara kutoka bamba la chuma laini lisilo na zinki wala rangi, lenye unene ule ule wa diski, upana milimita 41. Linabaki pengo la milimita 2 kuzunguka. Kwa upana mdogo hivyo, mbonyeo wa diski haufiki hata nusu milimita, kwa hiyo usihangaike kukikunja. Saga kingo za kiraka na za tundu kwa mshazari kutoka upande wa nje, zikutane kama herufi V, ukiacha milimita 1.5 za chini bila kusagwa.

Sasa pasha moto. Weka diski juu ya sigiri (jiko la mkaa) kubwa mpaka eneo lote la katikati lifike nyuzi 200 hivi. Bila kipimo, tumia tone la maji. Likitoa "tsss" na kukauka, bado. Likijikusanya kuwa kidonge na kukimbiakimbia juu ya chuma, umefika.

Shika kiraka kwa nukta nne za weldingi zinazotazamana. Kisha chomelea robo moja ya duara, ruka hadi robo inayoielekea, halafu mbili zilizobaki. Rodi ya kuchomelea ya geji 10 (milimita 3.2) inataka ampea 110 hadi 130, na ya geji 12 (milimita 2.5) inataka 70 hadi 90. Gonga ganda litoke, geuza diski, saga mzizi wa weldingi kwa upande wa ndani mpaka uone chuma safi, kisha pitisha mstari mmoja wa weldingi wa kuziba. Diski ikipoa katikati ya kazi, irudishe kwenye sigiri.

Ukimaliza, izike yote kwenye majivu makavu yenye joto, uiache mpaka kesho. Usimwagie maji na usiiache kwenye upepo. Siku ya pili saga weldingi ya ndani iwe sawa na diski, umalizie na msasa wa grainda namba 80. Kidole kikipita kisisikie mpaka.

11. Nitajuaje kwamba haivuji?

Maji hayatoshi, kwa sababu mafuta ya moto hupita mahali ambapo maji yanakwama. Saga chaki ya shule, ichanganye na maji, paka upande wa nje juu ya weldingi na uache ikauke. Mimina mafuta ya taa kidogo upande wa ndani, ngoja nusu saa. Pakivuja, chaki itaonyesha doa jeusi mahali penyewe. Saga hapo, pasha moto tena na uchomelee upya. Mafuta ya taa yafute, uoshe kwa sabuni, na mabaki yataungua utakapokomaza kikaango (swali la 17).

12. Kwa nini kiraka kilitoka kizima jioni, asubuhi kikawa na ufa?

Kwa sababu chuma cha diski kina kaboni nyingi. Ukikichomelea kikiwa baridi, diski nzima inanyonya joto la weldingi kwa haraka, na ukanda mwembamba pembeni ya weldingi unakuwa mgumu na mwepesi kuvunjika kama kioo. Haidrojeni kutoka kwenye rodi yenye unyevu inanaswa humo humo. Inachukua saa kadhaa kusukuma mpaka chuma kifunguke, na pengine utasikia "tik" usiku.

Ndiyo maana swali la 10 linasisitiza moto kabla, rodi kavu na majivu baada. Ukiruka moja kati ya hayo matatu unaweza kubahatika. Ukiruka mawili, usitegemee kitu.

13. Fundi wetu ana mashine ya kuchomelea ya transfoma ya kienyeji na rodi za aina ya 6013. Inawezekana?

Inawezekana, ila kwa uangalifu zaidi. Rodi bora kwa kazi hii ni 7018, kwa kuwa inaleta haidrojeni kidogo. Tatizo ni kwamba nyingi haziwaki vizuri kwenye transfoma ndogo: zinanasa kila sekunde. Zinataka mashine ya inveta yenye umeme wa mkondo mnyoofu (DC). Zinataka pia kuwa kavu: pakiti iliyofunguliwa wiki iliyopita katika msimu wa mvua ni bora iokwe upya kwenye nyuzi 300 hivi kwa saa moja au mbili.

Ukibaki na 6013, ongeza joto la awali hadi nyuzi 250, fanya kazi bila kupumzika, na zika kwenye majivu ya moto. Zipo pia rodi za stenlesi za aina ya 309, ambazo huvumilia chuma kigumu kuliko hizo zote na hazina tatizo kwa chakula. Bei yake inauma, lakini kiraka kimoja kinamaliza rodi mbili tu. Tafuta muuzaji anayekubali kuuza moja moja.

14. Naweza kuliziba kwa bolti na washa?

Kwa kukaangia karanga, kahawa au mahindi makavu, sawa: bolti ya stenlesi na washa mbili nene, moja kila upande. Kwa mafuta, hapana. Washa bapa haikai sawasawa kwenye bakuli, na kila diski inapopata moto na kupoa nati inalegea kidogo. Kuweka bamba kubwa kwa chini na kulichomelea pembeni tu nako kunaacha mfuko ambamo mafuta na chakula vinaozea.

## Ukingo, vishikio na kitako

15. Ukingo na vishikio vikoje?

Ukingo wa diski iliyolima ni mkali kama panga. Usage mpaka uwe mviringo wenye unene wa milimita 2 au 3, kisha pitisha kitambaa kuuzunguka, kikinasa, bado.

Vishikio viwili vya nondo ya milimita 10 vinatosha, vikichomelewa upande wa nje, sentimita 3 chini ya ukingo. Navyo vinataka joto la awali na majivu, kama kiraka. Fanya nafasi ya vidole iwe ya kupitisha mkono wenye kitambaa kinene. Ukitumia bomba badala ya nondo, toboa tundu dogo kwenye kila kishikio, kwa maana hewa iliyofungiwa ndani ya bomba ikipata moto inaweza kulipasua. Bomba la maji lina zinki (swali la 5).

16. Nichomelee miguu?

Bora usichomelee. Kila weldingi kwenye diski ni mahali pengine pa kupasukia, na miguu inafanya iwe taabu kuhifadhi na kubeba kwenye boda boda. Tengeneza kitako cha kando.

Ringi ya inchi 16 kutoka gurudumu la mbele la trekta ni kitako kizuri: diski ya inchi 22 au 24 inakaa humo bila kuyumba. Ichomelee ringi miguu mitatu ya nondo ya milimita 12. Kwa kuni, acha sentimita 35 kutoka ardhini hadi chini ya diski. Kwa makaa, 12 hadi 15 kutoka juu ya makaa zinatosha. Miguu mitatu hutulia hata kwenye ardhi isiyo sawa.

Pipa la lita 200 lina upana wa sentimita 57 hivi, kwa hiyo diski ya inchi 24 inakaa juu ya mdomo wake. Likate nusu, fungua mlango wa kuni, na ufungue matundu ya moshi juu upande wa pili. Tumia pipa lililokuwa na mafuta ya kula. Na kama huna hata kimoja, mafiga matatu yaliyopangwa kwa upana wa sentimita 40 yanafanya kazi.

## Kukomaza kikaango

17. Kinakomazwaje?

Kukomaza ni kukifunika kwa ngozi nyembamba ya mafuta yaliyoungua mpaka yakashikana na chuma. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu na chakula kunasa.

Sugua ndani na nje kwa brashi ya waya, osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha juu ya moto. Kikiwa na joto la kuweza kugusa kwa kitambaa tu, paka mafuta kote, kisha chukua kitambaa kikavu ufute kana kwamba ulikosea kupaka. Kitakachobaki ndicho kinachotakiwa. Kiweke juu ya makaa, ukizungushe kila dakika chache ili kingo zipate joto kama katikati. Kitatoa moshi. Moshi ukiisha, baada ya dakika 30 hadi 40, kiache kipoe kidogo na urudie. Mara nne hadi sita zinakifanya kiwe cheusi cha kung'aa.

18. Mafuta gani?

Alizeti, yale yanayokamuliwa Lira na maeneo ya Lango, ndiyo bora kati ya yanayopatikana kirahisi, kwa kuwa hukauka na kuwa ngozi ngumu. Soya nayo nzuri. Mafuta mengi ya bei nafuu madukani ni ya mawese. Hayo ni mazuri kukaangia lakini yanachelewa kukauka, hivyo ongeza raundi mbili. Mafuta ya gari yaliyotumika, ambayo wengine huyapaka ili chuma kiwe cheusi upesi, ni sumu.

19. Kimekuwa cha kunata, kama gundi.

Ulipaka mafuta mengi au moto ulikuwa mdogo. Kirudishe kwenye makaa makali kwa saa moja bila kuongeza kitu. Kama bado kinanata, sugua sehemu hiyo kwa brashi ya waya na uanze tena, safari hii ukifuta zaidi.

20. Kinasafishwaje, na kutu ikitokea?

Kikiwa bado vuguvugu, kikwangue, mimina maji ya moto, sugua kwa majani ya ndizi makavu au brashi, kausha juu ya moto na upake mafuta kidogo. Usimwage maji baridi kwenye diski iliyo na moto mkali: inapinda, na kiraka kinaweza kuachia. Usilaze chakula humo, hasa chenye nyanya au limau.

Kutu ya juu juu si msiba. Isugue, osha, komaza mara mbili. Ukiishi pembeni ya ziwa, kihifadhi ndani ya nyumba kimegeuzwa kifudifudi.

## Matumizi na mambo ya pembeni

21. Naweza kupikia chapati na roleksi (chapati iliyokunjwa na yai)?

Chapati, ndiyo: geuza diski kifudifudi na uchome juu ya mgongo wake. Komaza mgongo huo kama ulivyokomaza ndani, na chapati iwe nyembamba ili ilale juu ya mwinuko. Roleksi ni jambo jingine, kwa sababu yai linateremka. Kwa roleksi unahitaji tawa bapa, na hapo ndipo bamba la slasha linapofaa: kata duara la sentimita 45 hadi 50 mahali pasipopinda. Ondoa rangi kama ilivyo katika swali la 7. Bamba la milimita 4 au 5 linapinda likipata moto mkali katikati peke yake, kwa hiyo tandaza makaa yafike hadi kingo.

Kunyoosha diski kwa nyundo ili iwe bapa usijaribu. Ikiwa baridi inapasuka. Ikiwa nyekundu inakubali, lakini inatoka na mawimbi yanayokusanya mafuta upande mmoja.

22. Posho (ugali) au matoke ya watu wengi?

Hapana. Diski ni pana na fupi: maji yanakauka haraka, mfuniko hakuna, na mwiko wa posho utakirusha chakula nje. Inang'ara kwenye vyakula vya moto mkali na kina kidogo: muhogo, samaki wazima wa ngege (sato), mukene (dagaa), nyama ya vipande, karanga. Maharage na mchuzi wa nyanya wa saa mbili vinakula ngozi ya mafuta.

23. Naweza kuiweka juu ya mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko kichwani?

Usifanye hivyo hata siku moja. Diski ya kilo 10 yenye mafuta juu ya mtungi mwembamba inapinduka kwa kuguswa kidogo, na upana wake unafunika mtungi wote na kuurudishia joto. Tumia jiko la gesi la chini lenye mpira mrefu, mtungi ukiwa mbali nalo.

24. Mwiko wa jembe unatengenezwaje?

Kata ubapa wa jembe upate upana wa sentimita 9 na urefu wa 12, saga kingo ziwe mviringo. Ukingo wa mbele uupe tao kidogo lifuate mbonyeo wa diski, vinginevyo utakwangua kwa pembe mbili na kuchuna ngozi ya mafuta. Mpini uwe nondo ya milimita 8, sentimita 45, mwisho wake ukavishwa mti.

25. Dramu ya breki ya trela inafaa kuwa sigiri?

Inafaa sana, maana ni chuma cha kusubu kinachoshika joto. Lakini pedi za breki za zamani huenda zilikuwa na asbestosi, na vumbi lake limejaa ndani ya dramu. Usipulize kwa kompresa wala kusugua ikiwa kavu. Loweka, osha kwa maji na sabuni, futa kwa vitambaa na uvifunge kwenye mfuko kabla ya kuvitupa. Usijaribu kuchomelea miguu, kwa kuwa chuma cha kusubu kinapasuka kirahisi zaidi ya diski. Ikalishe juu ya matofali matatu.

26. Senene (panzi wa kuliwa) je?

Msimu wa Novemba ukifika, diski ya inchi 22 inamaliza ndoo ya senene kwa mafungu matatu au manne. Usiongeze mafuta, kwa sababu senene wanatoa yao. Anza na moto mdogo wakauke, geuza mfululizo kwa mwiko wa swali la 24, na kitunguu na chumvi viingie mwishoni. Ukiweka chumvi mapema wanatoa maji, wanalainika, na kikaango kinaanza kushika kutu kabla hujamaliza kuosha.